Wakati jina la mutoto halionekani ku valve

Kila mwaka, matokeo ya iniversite yakibandikwa ku valve, sisi wadelege wa sindika tunajua mapema ni nani amepata habari mbaya. Mutu anafika ku kazi mbele ya saa, anavaa boti zake kimia, hacheki na wenzake mu kaji ya kushukia chini. Posti ikiisha anatufuata: «Mukubwa delege, niko na neno.» Neno lenyewe ni lile lile. Mutoto ameanguka, na mara nyingine ni mwaka wa pili mufululizo. Minervali imelipwa, silabusi zimenunuliwa, chumba cha kupanga Lubumbashi kimelipwa, na mutoto amerudi mikono mitupu.

Ku nyumba kesi inakatwa haraka. «Batoto ba leo habapende kusoma.» Kama ni kijana, ni pombe na wasichana. Kama ni musichana, ni bwana fulani amemuharibia kichwa. Na kama si hayo, basi ni shangazi fulani ku kijiji amemufunga akili, pasta anaitwa, mutoto anakaa siku tatu bila kula. Tumeona familia zikigawanyika juu ya karatasi moja ya pointi. Tumeona baba akimufukuza mutoto wake usiku, na mutoto akaenda kuingia mu mashimo ya wachimbaji wa mikono, pale ambapo hakuna anayemuuliza mutu diplome yake.

Hatusemi kwamba wavivu hawako. Wako, tunawajua, na wazazi wao wanawajua zaidi. Lakini kuna watoto wengine wanaoketi mbele ya kitabu, wanaotaka kusoma, wanaolia machozi kwa sababu kitabu hakiingii. Juu ya hao njo tunaandika leo.

Tuchukue mutoto wa mwenzetu mumoja, mutobozi wa miamba chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka 15. Ni musichana, wa kwanza mu familia ya watoto sita. Alipata Diplome d'État yake vizuri. Baba akauza kiwanja alichokuwa amenunua pole pole, akamutuma kusoma ekonomi. Mwaka wa kwanza akaanguka. Akarudia, akaanguka tena, na kozi zilizomuangusha ni karibu zile zile. Baba akatuambia akiwa yeye mwenyewe ameketi pale: «Huyu eko anakula paka makuta yangu.» Musichana hakubisha. Tukamuuliza anasoma namna gani.

«Mi niko nasoma. Nafika ku mwisho ya page, sikumbuke hata kitu moja. Narudia. Mara ya tatu niko nawaza mambo ingine kabisa, na masaa mbili imekwisha.»

Akasema pia kwamba alikosa ekzameni moja nzima kwa sababu alichanganya siku. Na kwamba kazi ya statistiki aliifanya yote usiku, akaiacha ku meza, hakumupa asistanti, akaandikiwa sufuri. Mama yake, aliyekuwa kimia mpaka pale, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni vile tangu utoto. Mu buletini zote za shule ya musingi walimu waliandika neno moja: mutoto ana akili, lakini anaota ndoto mu kalasi.

Hayo maneno ya buletini yana jina kwa wanganga. Kwa Kifaransa wanaliandika kwa herufi nne, TDAH, maana yake ni ugumu wa kutuliza mawazo, pamoja na kukosa utulivu wa mwili au bila hiyo. Si ugonjwa wa jana, wala si kitu kilicholetwa na telefone. Munganga wa watoto mumoja wa London, George Still, alieleza watoto wa namna hii mbele ya wanganga wenzake mu mwaka 1902. Walikuwa na akili ya kawaida, lakini hawakuweza kujizuia wala kubaki ku jambo moja.

Watu wanakosea sana hapa. Wanafikiri mutoto wa namna hii hana mawazo ya kutosha. Mawazo anayo mengi. Ile inayokosa ni usukani wa kuyapeleka pale anapotaka, na breki ya kuyasimamisha. Wale wanaoendesha magari makubwa ya kubeba mawe wanatuelewa mbio: motere inaweza kuwa na nguvu sana, lakini ukishuka mteremko na breki mubovu, nguvu ya motere haikusaidii, inazidisha hatari. Mutaalamu wa Marekani anayeitwa Russell Barkley, aliyeandika mengi juu ya jambo hili, anasema kwamba mwenye shida hii mara nyingi anajua vizuri kitu gani afanye. Anachoshindwa ni kukifanya kwa wakati wake. Kwake yeye, shida kubwa ni kujiongoza: kungoja, kupima wakati, kukumbuka ulichotoka kusudia, kutuliza hasira na haya, kuanza kazi isiyo na utamu.

Kwa hiyo lile swali la wazazi, «mbona kwa mupira anaweza kukaa dakika 90 bila kutikisika?», lina jibu. Mupira unamuvuta wenyewe. Ukurasa wa sheria ya biashara haumuvuti mutu. Lazima mutu ajisukume. Na ni ile nguvu ya kujisukuma iliyo ndogo kwake.

Wasichana wanapotea zaidi. Mvulana mwenye shida hii anapanda ku meza, anapiga wenzake, anaitwa na direktere, kila mutu anamuona. Musichana mara nyingi anaketi nyuma, kimia, akiangalia dirisha. Hasumbui mutu. Hakuna anayeuliza kitu mpaka siku ya valve.

Katika inchi ambako wamehesabu vizuri, wanapata karibu watoto 5 kwa kila 100, na kwa watu wazima karibu 2 au 3 kwa kila 100. Wengine wanapoa wakikua, wengine hawapoi kamwe. Pigeni hesabu wenyewe: mu sale moja ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 400, wangekuwa kama 10. Tuseme wengi wao wanaangukia njiani mbele ya kufika pale, tutoe nusu. Wanabaki 5. Ni watoto watano mu sale moja, wakiitwa wavivu mwaka muzima.

Sasa, juu ya nini ekolo sekondere wanapita na iniversite wanaanguka? Swali hili tuliliuliza sisi wenyewe, na jibu linatoka mu kazi yetu. Angalieni mutumikaji mu mine. Sirene inamuamsha. Basi inamuchukua. Kapita anamupa kazi ya leo, si ya mwezi ujao. Kama amesahau taa ya kichwa, mwenzake anamuambia. Kila kitu kimefungwa pembeni yake kama nguzo za kuzuia mwamba. Sekondere pia iko vile: kengele, prefe wa nidhamu, enterogasio kila wiki, mama anayeuliza kazi ya nyumbani. Hizo zote ni breki zilizo inje ya mutoto.

Anaingia ku iniversite, na siku moja nguzo zote zinatolewa. Hakuna anayeita majina. Profesa anakuja, anafundisha kwa wiki mbili mufululizo, anaondoka. Silabusi ya kurasa 200 inalala ku kitanda, na ekzameni iko miezi mitatu mbele. Tangu mufumo wa LMD uenee mu inchi yote, mwaka wa masomo 2021-2022, mwanafunzi anatakiwa afanye kazi nyingi zaidi peke yake, ahesabu kredi zake mwenyewe, ajue ni kipi amebakiza. Kwa mwenye breki nzuri ni uhuru. Kwa huyu mwingine, paa linaanguka. Na anapoanguka ni mbali na nyumbani, mu chumba cha watu wanne, ambako makelele hayaishi na umeme unakuja saa SNEL inapotaka.

Lakini tusikimbilie kumupachika kila mutoto jina hili, maana tumeona pia wazazi wanaofurahi kupata jina la Kizungu la kufunika mambo. Kitabu ambacho wanganga wa akili wa Marekani wanafuata, kilichotoka mu 2013, kinaweka masharti. Dalili ziwe zimeonekana mbele ya miaka 12. Zionekane mahali zaidi ya pamoja, si ku masomo tu. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Mutoto aliyesoma muzuri maisha yake yote, akaanza kuchanganyikiwa mu mwaka wa pili wa iniversite, huyo tumutafutie sababu ingine: usingizi, njaa, malaria inayorudi rudi, huzuni ya kufiwa, pombe, mambo ya mimba, au kozi tu iliyochaguliwa na baba na si yeye.

Na kuna sababu moja ambayo sindika haiwezi kuiruka, ni makuta. Mu 2013 wataalamu wane, kati yao Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, walitoa utafiti waliofanya na wakulima 464 wa miwa mu jimbo la Tamil Nadu, inchi ya India. Wakulima hao wanalipwa mara moja kwa mwaka, nyuma ya mavuno. Waliwapa majaribio ya akili na ya kutuliza mawazo mbele ya mavuno, wakati mufuko ni mutupu na madeni yamejaa. Kisha nyuma ya mavuno, makuta yakiwa yameingia. Ni watu wale wale. Mbele ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Njaa ya makuta inakalia nafasi mu kichwa, kama mizigo iliyofunga njia ya galeri.

Mwanafunzi ambaye amebakiza franga za siku mbili, na ambaye minervali yake haijamalizwa, na ambaye anajua kwamba wakisoma majina ya wasiolipa atatolewa ku mulango wa ekzameni mbele ya wenzake, huyo pia mawazo yake yanakimbia. Hana TDAH. Ana deni. Kwa inje huwezi kutofautisha. Na kuna wale wenye vyote viwili, ambao njo wanaumia kuliko wote, kwa sababu mutoto wa tajiri mwenye shida hiyo hiyo ananunuliwa mwalimu wa pembeni, chumba cha peke yake, na nafasi ya kuanza tena mara tatu.

Jambo lingine linatuhusu sisi watu wa madini kabisa: risasi, ile Wafaransa wanaita plomb. Mu 1979 munganga Herbert Needleman alitoa utafiti aliofanya karibu na Boston, Marekani. Alikusanya meno ya utoto yaliyong'oka ya watoto wa shule, akapima risasi iliyo ndani. Walimu, bila kujua mutoto gani ana risasi nyingi, walikuwa wamejaza karatasi juu ya tabia yao mu kalasi. Kadiri risasi ilivyokuwa nyingi mu jino, kadiri mwalimu alivyosema: huyu hatulii, huyu hamalizi kazi, huyu anaota ndoto. Nyuma ya miaka 11 aliwafuata wengi wao tena, na wale wa risasi nyingi walikuwa wameacha sekondere zaidi ya wengine.

Hatuhitaji kwenda Boston. Kabwe, jirani zetu wa Zambia, iko ku reli ile ile iliyofika Élisabethville mu 1910. Mine yao ya risasi na zinki ilifungwa mu 1994, lakini vumbi lilibaki mu viwanja vya watu, na watoto waliozaliwa nyuma ya kufungwa bado wanapatikana na risasi nyingi mu damu. Kwetu, wataalamu wa Iniversite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven wamepima mukojo wa watu wanaokaa karibu na mine na viwanda vya Katanga, wakatoa matokeo yao mu 2009: kobalti nyingi sana, na metali zingine pamoja nayo. Kupima mukojo wa watu na kupima mawazo ya watoto wao ku masomo ni kazi mbili, hatuzichanganyi. Lakini mutumikaji anayerudi nyumbani na ovaroli ya vumbi, mama anayeifua mu beseni moja na nguo za mutoto muchanga, hilo ni jambo la sindika. Kuoga na kubadilisha nguo ku kazi, kampani kufua ovaroli yenyewe: tumeyaomba juu ya mapafu yetu. Ni haki kuyaomba juu ya vichwa vya watoto pia.

Wengine watatuambia: hayo yote ni udhaifu wa roho, mutoto hakufundishwa kungoja. Kuna jaribio maarufu ambalo watu wa Ulaya na Marekani wanalitaja sana. Profesa Walter Mischel, ku Stanford, aliweka utamu mbele ya mutoto mudogo akamuambia: ukingoja mpaka nirudi, nitakupa mbili. Wakasema anayengoja atafaulu maisha. Mu 2018 wengine walirudia hesabu hiyo na watoto wengi zaidi, wa familia za kila namna, wakaona kwamba uhusiano ule ni mudogo kuliko ilivyosemwa, na sehemu kubwa inaelezwa na nyumba mutoto anamotoka. Na mbele ya hapo, mu 2013, watu wa iniversite ya Rochester walifanya ujanja muzuri. Kwanza walimuahidi mutoto rangi nzuri za kuchora. Kwa wengine wakatimiza, kwa wengine wakarudi mikono mitupu. Kisha wakaleta ule utamu. Waliotimiziwa walingoja kama dakika 12. Waliodanganywa walingoja kama dakika 3.

Tuliposoma hayo tuliwaza Gécamines. Wale wa umri wetu tulikulia mu kambi ambamo posho ilikuja siku yake, masomo na hospitali ni ya kampani. Kisha tukaona miezi na miezi bila mushahara, na mu 2003 watu 10.655 wakitolewa kwa ile operesheni iliyoitwa «départs volontaires», volontaires wa nani hatujui. Mutoto aliyekulia mu nyumba ambamo kila ahadi ilivunjika alijifunza kula leo. Ilikuwa akili kwake. Usimuite dhaifu, lakini ni kweli pia kwamba iniversite yote ni ahadi ya miaka mitano mbele, na mutu asiyeamini ahadi hatasoma ukurasa wa leo juu ya ekzameni ya miezi mitatu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumurudishie mutoto zile nguzo za inje. Asisome peke yake mu chumba. Akae na wenzake wawili watatu wanaosoma kweli, kwa saa iliyowekwa, kama posti. Telefone ikae mu chumba kingine, au kwa mwenzake. Ku mufuko haitoshi. Kazi kubwa ikatwe vipande: si «leo nasoma ekonomi politike», bali «nyuma ya kula bukari, nitaketi ku kiti hiki, nitafanya kurasa tano». Kalenda kubwa ibandikwe ku ukuta, iandikwe kwa rangi, na mutu wa nyumbani apige telefone mbele ya kila ekzameni kuuliza: ni siku gani, saa gani, sale gani? Musichana wetu, dada yake mudogo wa miaka 14 njo anafanya kazi hiyo sasa, na anaifanya kwa ukali kuliko kapita yeyote tuliyemujua.

Pili, namna ya kusoma yenyewe. Wengi wa watoto wetu wanasoma silabusi kwa kuirudia rudia mpaka usiku wa manane. Wataalamu wawili wa Saint Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walijaribu jambo hili mu 2006. Wanafunzi wengine walisoma maandiko mara mbili. Wengine walisoma mara moja, wakafunga karatasi, wakaandika yote waliyokumbuka. Nyuma ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Nyuma ya wiki moja, waliojiuliza wenyewe njo walikuwa mbele. Mutoto ambaye mawazo yake yanatoroka anafaidika na hili kwa sababu ingine pia: ukifunga kitabu na kujiuliza, unajua mara moja kama ulikuwa pale au ulikuwa mbali. Na usingizi ulindwe. Sisi wa posti ya usiku hatuhitaji mutu wa kutueleza kichwa kinakuwa namna gani asubuhi. Basi tusimusifu mutoto anayelala masaa matatu.

Tatu, munganga. Lubumbashi kuna santre ya magonjwa ya akili ya Bafrère ba Charité, yenye jina la Docteur Joseph Guislain. Kinshasa kuna CNPP ku Mont-Amba. Watu wanaogopa mahali hapo, wanasema ni nyumba ya wenda wazimu. Kwenda kuuliza hakumufanyi mutu kuwa mwenda wazimu. Munganga ataangalia pia kama ni huzuni, kifafa cha kimia, au macho tu yasiyoona ubao. Dawa ziko. Faida yake ilionekana mara ya kwanza mu 1937, munganga Charles Bradley wa Rhode Island alipowapa watoto dawa fulani ya kuamsha mwili akashangaa kuona wanatulia na kusoma. Lakini ni dawa za kuangaliwa karibu, zinagusa moyo na usingizi, na wengine wanazitumia vibaya. Vidonge vinavyouzwa mu soko kwa wanafunzi «juu ya kukesha» si dawa hizo, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake.

Sasa tufike kwa makuta na karatasi. Mu kampani moja, ambayo hatuiiti jina, konvansio ina kifungu kinachosema hivi: mutoto wa mutumikaji akirudia mwaka, musaada wa masomo unakatwa, na haurudi. Waliokiandika waliwaza wavivu, na pengine sisi wa sindika wa wakati ule tuliwaza vile pia. Lakini kinapiga wa kwanza kabisa wale tunaowaeleza hapa. Mutoto wa mwenzetu alikatwa nyuma ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili baba alilipa na makuta ya kiwanja. Huu wa tatu unalipwa na mama, kwa unga na mafuta anayouza mbele ya nyumba, na baba hajakubali bado kuzungumuza na binti yake mezani.

Tulipeleka ombi mu meza ya mazungumuzo. Tuliomba kwamba kurudia mara moja kusimukatie mutoto musaada kama kuna maoni ya munganga au ya mwalimu. Kwamba hospitali ya kampani ilete munganga wa akili, hata mara moja kwa miezi mitatu. Na kwamba kampani ifue ovaroli. Ku jambo la ovaroli walikubali kuchunguza. Ku jambo la kwanza, mukubwa wa watumikaji alijibu: muniletee karatasi ya munganga. Tukafurahi, tukamuuliza hospitali ya kampani iko na munganga gani wa kuiandika. Hakuna. Tukauliza kama karatasi ya Lubumbashi itapokewa. Akasema swali litapelekwa juu. Tangu pale hatujapata barua.

Kwa hiyo baba na mama, kama mu nyumba yenu kuna mutoto wa iniversite anayeanguka bila kueleweka, mutafute buletini zake za shule ya musingi mu sanduku, hata zilizoliwa na panya. Hizo ni za lazima kuliko karatasi za pointi za sasa, kwa sababu munganga anataka kuona kama ilianza mbele ya miaka 12, na ni walimu wa wakati ule walioandika. Mupige fotokopi mbili. Moja mwende nayo kwa munganga, ingine mumupe delege wenu. Familia tisa zimekwisha kufanya hivyo. Tunataka kufika mu meza ijayo na faili nono zaidi.